Uliza kwanza kwa nini dirisha limefungwa

Shule nyingi za Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya hazina uhaba wa madirisha. Darasa la kawaida, liwe limejengwa kwa fedha za CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge) au kwa michango ya wazazi, lina madirisha ya vyuma pande zote mbili, na aghalabu matundu ya hewa juu ya linta (boriti iliyo juu ya dirisha). Tatizo ni kwamba madirisha hayo hukaa yamefungwa. Mwalimu mkuu akitoa agizo yafunguliwe, agizo hilo hudumu wiki moja, kisha mambo yanarudi yalivyokuwa.

Hii si jeuri ya walimu. Kila dirisha lililofungwa lina sababu yake. Nakuru ni baridi ya asubuhi ya Juni na Julai. Kisumu ni mbu wakati wa masomo ya jioni. Kakamega na Vihiga ni mvua ya alasiri. Kwingine ni moshi wa jikoni, au vumbi la uwanjani, au stei ya dirisha iliyovunjika (mkono wenye matundu unaolishikilia likiwa wazi), kiasi kwamba upepo ukivuma dirisha linajibamiza na kioo kuvunjika. Ukitaka hewa safi darasani, pita darasa kwa darasa na daftari, na kwa kila dirisha uandike kwa nini halifunguliwi. Daftari hilo ndilo litakalokuambia pesa za ukarabati ziende wapi.

Darasa linahitaji hewa kiasi gani

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, la wanafunzi wasiozidi 40 wakiketi wawili wawili kwa dawati. Shule za umma tunazijua: weka 60. Kimo kikiwa mita 2.8, chumba kina mita za ujazo 126.

Mtoto wa umri wa gredi ya tano au ya sita, akiwa ameketi anaandika, hutoa takriban lita 12.5 za kaboni dayoksidi kwa saa. Watoto 60 hutoa lita 750. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni (ppm). Madirisha na mlango vikifungwa, hewa inayopenya kwenye nyufa inaweza kubadilisha hewa ya chumba mara moja hivi kwa saa. Piga hesabu: mwisho wa kipindi cha dakika 40, chumba kilichoanza na hewa safi kinakaribia ppm 3,300. Kipindi cha pili kinaanzia hapo.

Kiwango hicho hakimuui mtu. Huleta usingizi, kichwa kuuma, na uzito wa kufikiri ambao mwalimu wa hisabati wa saa tano huudhania uvivu. Lakini faida kubwa ya kupima kaboni dayoksidi ni kwamba inakuonyesha ni kiasi gani cha pumzi za wenzao watoto wanavuta. Kenya ni nchi yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu husafiri kwenye hewa hiyo hiyo, pamoja na mafua na surua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu uingizaji hewa, lilipendekeza lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa darasa letu ni lita 600 kwa sekunde. Lengo ninalopendekeza kwa shule zetu ni hili: kaboni dayoksidi iwe chini ya ppm 1,000 kwa sehemu kubwa ya siku, na isipite 1,500 hata asubuhi ya baridi kali.

Kukadiria bila kifaa chochote, tumia kanuni ya shirika hilo hilo kwa chumba chenye nafasi pande mbili zinazotazamana. Zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde), kisha kwa eneo la nafasi iliyo wazi katika upande wenye nafasi ndogo zaidi (mita za mraba), kisha kwa 1,000. Jibu ni lita kwa sekunde. Upepo hafifu wa mita 1 kwa sekunde ni ule unaosogeza moshi wa ubani lakini hausukumi majani ya mti.

Maneno ya kushika hapo ni "upande wenye nafasi ndogo zaidi". Shule nyingi zina madirisha makubwa upande wa uwanjani, na upande wa varanda zina vidirisha vidogo vya juu ambavyo havijafunguliwa tangu vipakwe rangi. Kwa upepo huo wa mita 1 kwa sekunde, ukifungua mita za mraba 2.5 upande mmoja na 0.3 upande wa pili, hesabu inafuata ile 0.3: lita 195 kwa sekunde, yaani ppm 1,500 hivi. Ongeza upande ule mdogo ufike mita za mraba 1.2, utapata lita 780, na kiwango kinashuka karibu na ppm 690. Kwa hiyo fundi asianze na madirisha makubwa. Aanze upande uliozibwa.

Mlango nao ni nafasi. Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1 una karibu mita za mraba 1.9, na kwa kawaida uko upande huo wa varanda wenye upungufu. Kulabu ya kuushikilia ukutani ndiyo ukarabati wa bei ya chini kuliko yote katika makala haya. Jiwe linafanya kazi pia, hadi siku kiranja atakapojikwaa.

Anayedhani hewa ya dirishani ni suluhisho la maskini atazame utafiti uliofanywa hospitalini jijini Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa kwa wastani wa kati. Vyumba vya kutenga wagonjwa vyenye mitambo huwekewa kiwango cha mara 12.

Vyuma, bawaba na stei

Dirisha la chuma huoza kuanzia chini, maji yanaposimama kwenye kingo. Kutu huvimbisha chuma, dirisha linakwama, mtu analipaka rangi likiwa limefungwa, na rangi inakuwa gundi. Kulifungua kunahitaji subira. Pitisha kisu chembamba cha putty kwenye mshono wote ukate rangi. Dondoshea bawaba mafuta ya kulainisha kutu na uyaache hadi kesho yake. Halafu gonga fremu taratibu kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao kilichowekwa kati ya nyundo na chuma, ukianzia upande wa bawaba. Anayevuta kwa nguvu kwenye mkono wa dirisha atauvunja mkono na kupasua kioo.

Likishafunguka, piga msasa hadi chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, na usipake tena rangi ya juu dirisha likiwa limefungwa. Liache wazi sentimita kadhaa hadi rangi ikauke.

Kisha stei. Ule mkono wenye matundu unaoshikilia dirisha likiwa wazi ndio hupotea kwanza, kwa sababu ni rahisi kung'oa. Bila stei, dirisha lililo wazi ni hatari kwa kioo chake na kwa kichwa cha mtoto anayepita nje, na mwalimu yeyote mwenye akili atalifunga. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza stei ya chuma bapa chenye matundu matatu, sentimita 10, 20 na 30 kutoka mwisho, na kijiti cha kushikilia. Achomelee kabisa, asifunge kwa skrubu. Tundu la sentimita 10 litatumika Nakuru asubuhi, la 30 mchana.

Kioo kilichovunjika kikizibwa kwa bati au katoni, umepoteza mwanga na dirisha halifunguki tena, kwa kuwa bati hupigiliwa kwenye fremu. Kama hakuna pesa za kioo, afadhali kuweka wavu.

Madawati nayo hupuuzwa. Dawati likisukumwa hadi ukutani, mtoto wa mwisho anapigwa na upepo usoni na ndiye mwenye mamlaka ya kufunga dirisha. Acha nafasi ya nusu mita kati ya dawati na ukuta. Darasa lililojaa halina nafasi hiyo, najua. Basi angalau safu ya ukutani iwe inabadilishana kila wiki.

Baridi ya Nakuru

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai si za kufunguliwa madirisha yote. Hakuna haja. Mtoto aliyeketi hutoa joto la wati 60 au zaidi. Watoto 60 ni zaidi ya kilowati 3.5, sawa na hita tatu za umeme zinazowaka kwa pamoja. Darasa lililojaa linajipasha joto lenyewe. Linaloiba joto hilo ni bati lisilo na dari, kuliko dirisha lililoachwa wazi sentimita kumi. Shule yenye pesa za jambo moja tu, na ambayo madirisha yake yanafunguka, iweke dari kwanza.

Fungua vidirisha vya juu tu, pande zote mbili, kuanzia kipindi cha kwanza. Madirisha matano kwa upande, kila kidirisha cha juu kikiwa na upana wa sentimita 60 na kuachwa wazi sentimita 10, ni mita za mraba 0.3: ile hesabu ya ppm 1,500 tuliyoiona juu. Hewa baridi inayoingilia juu huchanganyika na ya ndani kabla ya kumfikia mtoto shingoni. Wakati wa mapumziko, watoto wakiwa nje, fungua kila kitu pamoja na mlango kwa dakika 10. Kwa upepo wa kawaida, dakika hizo zinaondoa zaidi ya asilimia 90 ya hewa chafu, na kuta na sakafu hazipoi kwa muda mfupi namna hiyo. Kazi hii apewe kiranja, na kengele iwe ishara yake. Mwalimu wa zamu ana mengine ya kufanya.

Matundu ya kudumu juu ya linta huzibwa kwa karatasi kwa sababu yanaleta upepo ule ule mchana na usiku. Kama ni darasa jipya linajengwa, omba matofali yenye matundu yawekwe juu kabisa, chini tu ya dari, pande zote mbili. Tofali la sentimita 22.5 kwa 22.5 lenye nusu yake wazi lina mita za mraba 0.025. Kumi kwa kila upande ni 0.25. Mafundi wengi huweka mawili au matatu kila upande kwa ajili ya kupendezesha, na hayo hayasaidii kitu.

Mvua, mbu na upepo wa ziwa

Mvua ya Kakamega huja na upepo wa upande mmoja. Funga upande huo na uache ule wa pili wazi, juu na chini, ili hewa moto itokee juu na baridi iingilie chini. Haitoshi kama upepo wa pande mbili, lakini ni bora kuliko giza na mabati yanayonguruma. Paa likitokeza nje ya ukuta sentimita 60 hadi 90, mvua nyingi haitafika dirishani. Pale ambapo paa ni fupi, kibati cha kukinga juu ya kila dirisha kinafaa. Angalia pia mfereji wa paa: ukivuja juu ya dirisha, darasa litalaumu mvua kumbe ni mfereji.

Kisumu mchana upepo hutoka ziwani, upande wa magharibi na kusini-magharibi, na huanza kupata nguvu kuelekea adhuhuri. Usiku na asubuhi na mapema hugeuka, ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na huwa hafifu. Maana yake, madarasa ya Kisumu hupata hewa nzuri yenyewe kuanzia saa sita, na shida iko katika vipindi vya asubuhi na masomo ya usiku.

Usiku tatizo ni mbu, na hapo wavu hauepukiki. Wavu wenye vitundu vya milimita 1.2 huzuia mbu, lakini hupunguza upepo kwa theluthi moja hadi nusu, hasa ukiwa hafifu. Usipoongeza eneo la kufungua, umebadilisha tatizo moja kwa jingine. Kwa hesabu zako, gawa jibu kwa mbili.

Kosa linaloonekana karibu kila mahali ni kupigilia wavu kwa misumari ndani ya dirisha linalofungukia nje. Mkono wa dirisha unabaki nyuma ya wavu. Ama dirisha halifunguki tena, ama mtu anatoboa wavu apitishe mkono, na mbu wanapita hapo. Weka wavu kwenye fremu yake nyepesi ya mbao yenye bawaba na kitasa kidogo, ifunguke kuelekea ndani. Kwa madirisha ya luva (yenye vipande vya kioo vinavyogeuzwa), ambayo mkono wake uko ndani, wavu uwekwe nje. Na usisahau upenyo kati ya ukuta na paa: mbu wa malaria wa magharibi mwa Kenya hupenda sana kuingilia hapo, na popo vilevile. Upenyo huo ni mzuri kwa hewa, kwa hiyo usiuzibe kwa saruji, uwekee wavu. Kila muhula mmoja apitishe brashi kavu kwenye nyavu zote kwa nje, kwa sababu vumbi huziba vitundu hadi wavu ukawa kama kitambaa.

Moshi wa jikoni

Hapa ndipo ushauri wa kufungua madirisha unaweza kudhuru. Darasa lililo karibu na jiko la kuni, likifunguliwa upande wa jikoni, litakuwa na kaboni dayoksidi kidogo na chembechembe za moshi tele. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa chembechembe ndogo ziitwazo PM2.5 ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na moshi wa kuni unaoingia darasani hukipita mara nyingi.

Jikoni mwa shule kuna vitu vitatu vya kukagua, na cha kwanza ni kuni zenyewe. Mkaratusi uliokatwa mwezi uliopita ni nusu maji, na moto unatumia nguvu zake kuchemsha hayo maji badala ya sufuria. Kuni ziwe zimepasuliwa, zimepangwa chini ya paa lisilo na kuta, na zimekaa miezi mitatu hadi sita. Lengo ni unyevu chini ya asilimia 20. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kwa sauti kavu na kali, na ncha zake zimepasuka, zinakaribia kufaa. Bodi ya shule ibadilishe mkataba: anayeleta kuni alete za muhula ujao, si za wiki hii.

Cha pili ni bomba la moshi. Majiko makubwa ya shule yenye chumba cha moto kilichofungwa hupunguza kuni na moshi kwa kiasi kikubwa, lakini mengi yana mabomba yaliyokatwa sentimita chache juu ya bati. Bomba lipite paa kwa sentimita 90 angalau, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Likiwa fupi, upepo unaopanda paa unausukuma moshi chini hadi madarasani. Masizi yasafishwe kila mwezi kwa brashi ya waya kutoka juu, jiko likiwa limepoa. Moshi ukianza kutokea mlango wa kuni badala ya bombani, bomba limeziba. Mpishi ataacha mlango wazi ili aone moto, na hali itazidi kuwa mbaya.

Cha tatu ni saa. Moshi mwingi hutoka wakati wa kuwasha na wakati wa kuongeza kuni. Moto ukiwashwa saa kumi na moja alfajiri, sehemu mbaya imepita kabla ya gwaride. Maharagwe ya githeri yakilowekwa usiku kucha, muda wa kuchemsha hupungua sana, na kuni pia.

Kuhusu mahali pa jikoni, funga utepe wa kitambaa kwenye mlingoti wa bendera na uutazame saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa kwa wiki nzima. Kisumu, jikoni lililo mashariki mwa madarasa linafaa mchana, lakini asubuhi upepo wa nchi kavu hurudisha moshi darasani. Ndiyo maana bomba refu halina mbadala. Kwenye miteremko ya Vihiga na Kisii, hewa baridi ya alfajiri huteremka bondeni pamoja na moshi, kwa hiyo jikoni lisiwe juu ya madarasa kwenye mteremko.

Shimo la taka lifuate kanuni hiyo hiyo. Kuchoma karatasi na plastiki saa kumi, wakati watoto wanafagia, ni kujitafutia kikohozi. Majani yawe mbolea, karatasi ziuzwe au zirundikwe, na plastiki isiguswe na moto kabisa.

Vumbi la ndani

Kufagia sakafu kavu asubuhi madirisha yakiwa yamefungwa huinua vumbi ambalo chembe zake ndogo hukaa hewani kwa saa nyingi. Fagia jioni baada ya masomo, madirisha yakiwa wazi, baada ya kunyunyiza maji. Lita 5 zinatosha darasa moja la sakafu ya saruji. Ukizidisha, unapata tope. Sakafu ya udongo inahitaji zaidi ya kunyunyiziwa: ikandikwe kwa udongo na samadi kila inapoanza kubanduka, jambo ambalo pia huwanyima funza mahali pa kuzaliana.

Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Dasta ikung'utwe nje, upande ambao upepo unaondoka, na isigongwe kwenye ukuta wa darasa.

Mavi ya popo juu ya dari yasifagiliwe yakiwa makavu, kwa sababu yanaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Yaloweshwe kwanza, anayeyatoa avae barakoa nzito, na watoto wasiwepo. Paa la asbestosi, ambalo bado lipo kwenye majengo ya zamani, lisisuguliwe, lisitobolewe wala kuvunjwa na fundi wa kijijini. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo kuliko likivunjwavunjwa na kuachwa uwanjani.

Rangi ipakwe mwanzo wa likizo ya Desemba, si Jumamosi ya katikati ya muhula.

Kupima

Kifaa cha kaboni dayoksidi kiwe na kihisi cha mwanga wa infraredi, kinachoandikwa NDIR. Vile vya bei ya kutupa huwa havipimi gesi hiyo kabisa. Hukisia kutokana na harufu. Kijaribu hivi: weka matone ya sanitaiza kwenye kitambaa karibu nacho. Kikiruka hadi maelfu, ni cha kukisia. Kirudishe dukani.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi ni mwinuko. Kihisi hiki huhesabu molekuli, na juu mlimani hewa ni nyepesi. Bila kurekebishwa, kifaa kitasoma pungufu kwa karibu moja ya tano mjini Nakuru: ppm 1,500 za kweli zitaonekana kama 1,200. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, upungufu ni kama asilimia 12. Tafuta mahali pa kuingiza mwinuko kwenye mipangilio. Halafu kitoe nje kwa dakika 20, mbali na watu na magari. Kinapaswa kusoma kati ya 400 na 450. Kama kinajirekebisha kiotomatiki, lazima kipate hewa ya nje angalau mara moja kwa wiki, la sivyo kitadhani hewa ya stoo ya mwalimu ndiyo safi.

Darasani kiweke kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi, mita 1 au zaidi kutoka kwa mtu yeyote, mbali na dirisha. Andika kipimo mwishoni mwa kila kipindi kwa siku tatu. Ukitaka kujua chumba kinabadilisha hewa mara ngapi, pima watoto wanapotoka kwa mapumziko. Tuseme kimeonyesha 2,400, na baada ya dakika 15 ni 920. Toa 420 kila upande: 1,980 na 500. Gawanya, unapata 3.96, logi asili yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ni 1.38, gawa kwa saa 0.25, jibu ni mara 5.5 kwa saa. Hili hata mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kulifanya, na ni somo zuri la fizikia.

Vifaa vya kupima moshi hudanganywa na unyevu. Asubuhi yenye ukungu, unyevu ukipita asilimia 80, husoma matone ya maji kama chembechembe.

Kuhusu vya kununua: feni ya dari huzungusha hewa ile ile, na kiyoyozi cha ukutani pia, kwa sababu hakivuti hewa ya nje. Shule za Kisumu zilizofunga madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi ndizo zenye vipimo vya juu kabisa unavyoweza kutarajia. Mashine za ozoni zisiingie darasani. Ozoni hudhuru mapafu. Manukato ya kupulizia huficha harufu iliyokuwa inakuonya.

Bweni

Bweni ni gumu kuliko darasa kwa sababu watu wamo humo saa nane mfululizo na madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Mwongozo wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya mita 2, na madirisha yasiyo na nondo, yanayofungukia nje, kwa ajili ya moto. Bweni lililowekewa vitanda vya ziada limepoteza hewa na njia ya kutorokea kwa wakati mmoja. Dirisha lisilo na nondo linahitaji ulinzi wa nje, yaani ua na askari, na hiyo ni gharama ya bodi ambayo haiwezi kuhamishiwa kwenye mapafu ya watoto. Kwa usiku, matundu ya juu yenye wavu pande zote mbili ndiyo ya kutegemea, kwa kuwa hayahitaji mtu wa kuyafungua.

Jiko la makaa halikubaliki bwenini wala chumbani kwa matroni, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi. Makaa hayo hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jenereta ya shule iwe mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, bomba lake la moshi likielekea upande usio na jengo, na isiwekwe kwenye varanda hata mvua ikinyesha; ijengewe kibanda chake chenye paa na pande zilizo wazi.